MALEZI YA VIJANA WETU
"Ni Hisabati Tu"



Kila mwezi Januari nyumba nyingi hapa kwetu Tanzania huingia mashaka. Kwanza hutoka matokeo ya upimaji wa kidato cha pili, na kabla mwezi haujaisha hutangazwa matokeo ya kidato cha nne. Baba hunyamaza kimya, na mama hupitisha macho somo moja baada ya jingine: Kiswahili C, Uraia C, Historia D, Biolojia D. Anapofika penye Hisabati anakuta F. Wapo wanaoshtuka, lakini walio wengi siku hizi hawashtuki tena. Husema, "Aa, hiyo ni Hisabati tu, mbona wote wamefeli," na mazungumzo yanaishia hapo.

Mwezi huu tungependa tuzungumze juu ya maneno hayo, "ni Hisabati tu". Yanasemwa kwa nia njema ya kumfariji mtoto. Lakini tukiyachunguza vizuri tutaona kwamba yanamfungia mtoto mlango kabla yeye mwenyewe hajajaribu kuusukuma. Yanatufungia na sisi wazazi, kwa sababu tukishakubali kwamba somo hilo ni la kufeli, hatuna tena haja ya kuuliza linafundishwaje, linapimwaje, na sisi nyumbani tunaweza kufanya nini.

Hali ilivyo

Tuanze na ukweli wenyewe. Hisabati ni somo la lazima kwa wanafunzi wa sekondari tangu kidato cha kwanza. Alama za mtihani wa taifa hupangwa hivi: A ni kuanzia 75 hadi 100, B ni 65 hadi 74, C ni 45 hadi 64, D ni 30 hadi 44, na F ni kuanzia sifuri hadi 29. Maana yake, mtoto anahesabiwa kuwa amefaulu akipata alama 30 tu kati ya 100.

Pamoja na wepesi wa kiwango hicho, tangu mwaka 2019 hadi mwaka 2022 waliofaulu Hisabati katika mtihani wa kidato cha nne walikuwa karibu asilimia 20. Yaani wakikaa watoto watano kwenye dawati, wanne kati yao hawakufikisha alama 30. Mwaka 2023 hali ilipata nafuu kidogo, ikafika kama robo ya watahiniwa. Hata hivyo robo tatu bado walibaki nje. Na wasichana kwa jumla wamekuwa nyuma ya wavulana katika somo hili.

Sasa tujiulize. Je, inawezekana kweli kwamba watoto wanne kati ya watano hawana akili ya hesabu? Watoto hao hao huwaona tukiwatuma dukani na noti ya shilingi elfu kumi, wakarudi na chenji kamili, na wakatueleza mwenye duka amepandisha sukari kwa kiasi gani. Wengine hutusaidia gengeni au kwenye mama lishe, na hawapunjwi hata shilingi mia. Akili ipo. Basi tatizo tulitafute mahali pengine.

F si moja

Jambo la kwanza tunalopaswa kulijua sisi wazazi ni kwamba herufi F haisemi mengi. Mtoto aliyepata alama 28 na mtoto aliyepata alama 3 wote wanaandikiwa F. Huyu wa kwanza alikuwa hatua moja tu kutoka mlangoni. Labda alikosa muda, labda alisahau kuandika njia, labda kuna mada mbili tu zilizomchanganya. Huyu wa pili tatizo lake lilianza zamani, pengine tangu darasa la nne, na anahitaji kurudishwa polepole mpaka pale alipopotelea. Dawa ya mmoja si dawa ya mwenzake. Sisi tukiwapa wote wawili dawa moja, iwe ya kugomba au ya twisheni, hatutashangaa tukiona haiponyi.

Hali kadhalika na ile nafasi ya darasani. Tunafurahi tukisikia mtoto amekuwa wa 8 kati ya 60. Lakini kama darasa zima limepata chini ya 30, huyo wa 8 naye pengine amefeli. Na mtoto wa 40 katika darasa lenye mwalimu mzuri anaweza kuwa anajua zaidi ya huyo. Nafasi inatueleza nani yuko mbele ya nani. Haituelezi mtoto anajua nini.

Kwa hiyo, mama, ukiletewa ripoti ya muhula usiishie kwenye herufi wala kwenye nafasi. Mwombe mtoto akuletee na karatasi zenyewe za mtihani wa shuleni zilizosahihishwa. Humo ndimo habari kamili ilimo, kama tutakavyoona.

Kwa nini wengi hupotea kidato cha kwanza

Watoto wetu walio wengi husoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Wanajifunza kutafuta mzingo na eneo. Wanajua KDS, yaani kigawe kidogo cha shirika, na KKS, yaani kigawo kikubwa cha shirika. Wanajua kipeuo cha pili, asilimia, wastani na pembetatu. Wanafika sekondari mwezi Januari, na ghafla mambo yale yale yamebadilishwa majina. Mzingo unaitwa "perimeter", KDS inaitwa "LCM", kipeuo cha pili kinaitwa "square root". Mtoto aliyekuwa wa kwanza darasa la saba anakaa kimya nyuma ya darasa, akidhani kuwa anafundishwa mambo mapya kabisa, kumbe ni ndugu wa zamani waliovaa nguo nyingine.

Kinachokuwa kigumu zaidi ni yale mafumbo, hesabu za maneno. Hesabu ya kujumlisha ikiandikwa kwa tarakimu mtoto huimaliza mara moja. Ikiandikwa kwa sentensi tatu za Kiingereza kuhusu mfanyabiashara aliyenunua bidhaa na kuziuza kwa hasara, mtoto hajui aanze wapi. Hajashindwa hesabu, ameshindwa kusoma swali. Baraza la Mitihani hutoa kila mwaka taarifa ya uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo, na jambo hili la kushindwa kuelewa matakwa ya swali limekuwa likijirudia humo. Mzazi anayeweza, amwambie mtoto aitafute taarifa hiyo au amwombe mwalimu wake. Inaonyesha swali, inaonyesha jibu zuri, na inaonyesha makosa yaliyofanywa na wengi. Ni mwalimu wa bure.

Kuna na tofauti nyingine. Katika mtihani wa darasa la saba sehemu kubwa ya maswali ni ya kuchagua jibu. Mtoto aliyebahatisha na mtoto aliyekokotoa wanaweza kupata alama sawa. Sekondari hakuna kubahatisha. Anatakiwa aonyeshe kila hatua aliyopitia mpaka akafika kwenye jibu. Wapo watoto waliofaulu vizuri shule ya msingi ambao hawajawahi kufundishwa kuandika hatua hizo, na hakuna aliyewaambia kwamba sasa sheria imebadilika.

Hisabati ni kama ngazi

Masomo mengine yanamvumilia mtoto. Akikosa wiki mbili za Historia kwa sababu ya malaria, anaweza kusoma mada inayofuata akaielewa. Hisabati haina huruma hiyo. Kwa mpangilio uliotumika kwa miaka mingi, kidato cha kwanza anafundishwa sehemu, desimali, asilimia, uwiano, aljebra na kuchora mstari kwenye grafu. Kidato cha pili anafundishwa milinganyo ya kipeo cha pili, logi, pembetatu zinazofanana, kanuni ya Pythagoras, trigonometria, seti na takwimu. Kidato cha tatu anapofika kwenye mada ya dunia kama tufe, ambapo hutakiwa kutafuta umbali kati ya miji miwili, uwiano ule wa kidato cha kwanza unadaiwa tena. Kidato cha nne kwenye ile mada ya kutafuta faida kubwa au gharama ndogo kwa kutumia grafu, mistari ile ya kidato cha kwanza inarudi. Aliyeruka kipago kimoja cha ngazi huning'inia hewani.

Tukumbuke pia hali ya shule zetu. Shule za kata zilizojengwa kwa wingi kuanzia mwaka 2006, na kufutwa kwa ada ya sekondari mwaka 2016, kumewafungulia mlango watoto wengi ambao zamani wangebaki nyumbani. Hilo ni jambo la kushukuru sana. Lakini walimu wa Hisabati na sayansi hawakuongezeka kwa kasi ya watoto. Mwalimu mmoja anaweza kuwa na mikondo kadhaa, na kila mkondo una watoto wengi. Akitoa zoezi la maswali matano kwa watoto 70, ana majibu 350 ya kusahihisha usiku mmoja. Hawezi. Basi anaandika alama ya vema au ya kosa na kuendelea mbele, au anawaambia wabadilishane madaftari wasahihishane. Tusimlaumu bure. Tuelewe tu kwamba kile ambacho mwalimu hana nafasi ya kukiona kwenye daftari la mtoto, inabidi mtu mwingine akione.

Kosa linalosema

Hebu tuchukue mfano mmoja tunaoujua sote. Mama Fulani amenunua ndoo ya nyanya kwa shilingi 20,000. Ameiuza yote kwa shilingi 25,000. Je, amepata faida ya asilimia ngapi?

Mtoto wa kwanza anaandika: faida ni 25,000 kutoa 20,000, sawa na 5,000. Halafu 5,000 kugawa kwa 20,000, mara 100. Jibu ni asilimia 25. Amepata.

Mtoto wa pili anaandika: faida ni 5,000. Halafu 5,000 kugawa kwa 25,000, mara 100. Jibu ni asilimia 20. Amekosa. Lakini tazama amekosa nini! Anajua kutafuta faida, anajua kugawanya, anajua asilimia. Kitu kimoja tu hakijui: kwamba faida hulinganishwa na pesa uliyotoa mfukoni, si na pesa uliyopokea. Ukimweleza jambo hilo moja kwa dakika tano, hatalikosa tena. Na mama anayeuza nyanya anaweza kumweleza vizuri kuliko mtu yeyote, maana yeye anajua mtaji wake ni upi.

Mtoto wa tatu anaandika jibu tu: asilimia 20. Hana hatua hata moja. Huyu hatuwezi kumsaidia, kwa sababu hatujui alipita wapi. Na msahihishaji wa mtihani naye hawezi kumsaidia.

Hapo ndipo tunapofika kwenye namna somo hili linavyopimwa.

Mtihani wenyewe ukoje

Kwa utaratibu uliotumika katika miaka ya karibuni, mtihani wa Hisabati wa kidato cha nne huwa wa saa tatu na una maswali 14. Sehemu A ina maswali kumi, kila moja alama 6, jumla alama 60. Sehemu B ina maswali manne, kila moja alama 10, jumla alama 40. Vikokotozi haviruhusiwi, mtahiniwa hutumia kitabu cha majedwali. Na maagizo husema wazi kwamba hatua zote za kukokotoa zionyeshwe. Alama hutolewa hatua kwa hatua. Yule mtoto wa pili wa nyanya, pamoja na kukosa jibu, anaweza kuokota alama kwa hatua alizofanya sawasawa. Yule wa tatu hapati kitu.

Sasa tufanye hesabu ndogo. Ili mtoto afikishe alama 30 na kupata D, anahitaji maswali matano tu ya sehemu A akiyapata yote sawasawa. Matano kati ya kumi. Na maswali mengi ya sehemu hiyo hutoka katika mada za kidato cha kwanza na cha pili: namba, sehemu, asilimia, logi, uwiano, faida na hasara, seti, pembetatu.

Akina mama, hili ni jambo kubwa. Mtoto aliyeko kidato cha nne na ambaye bado anapata F, mara nyingi tunamsukuma akazane na mada ngumu za kidato cha nne kwa sababu ndizo zinazofundishwa sasa. Kumbe njia yake fupi ya kutoka kwenye F ni kurudi nyuma, akachukua kitabu cha kidato cha kwanza bila aibu, akaziba mashimo yale. Mtu haezeki bati wakati ukuta una ufa.

Tusisahau pia kwamba alama za kazi za mtoto akiwa shuleni, pamoja na upimaji wa kidato cha pili, huchangia katika alama yake ya mwisho. Kwa hiyo mtoto anayesema "nitakazana kidato cha nne" anajidanganya. Ameshaanza kufanya mtihani wa mwisho akiwa kidato cha pili. Upimaji huo umekuwa na maswali kumi, kila moja alama 10, na yote ya lazima.

Mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika kwa hatua mwaka 2024, ukiwa na mkondo wa jumla na mkondo wa amali. Mzazi mwenye mtoto aliyeanza kidato cha kwanza mwaka huo au baadaye amuulize mwalimu muundo wa mitihani kwa kundi la mtoto wake. Lakini ngazi ni ile ile, na ulazima wa kuonyesha njia uko pale pale.

Kwa nini tusiseme "ni Hisabati tu"

Wengine watasema, "Mbona mtoto wangu alipata daraja la tatu akiwa na F ya Hisabati?" Ni kweli. Daraja hupangwa kwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi, hivyo mtoto anaweza kupata daraja zuri na kuiacha Hisabati nyuma. Lakini F hiyo haimwachi yeye. Binti anayetaka kuwa daktari na kuchagua Fizikia, Kemia na Biolojia kidato cha tano, atakutana tena na Hisabati tumizi. Anayechagua mchepuo wenye Uchumi naye atakutana nayo. Uhasibu, benki, ufundi umeme, ujenzi, kompyuta, vyote vinauliza. Mtoto mwenye F hulazimika kuchagua kutoka kwenye kile kilichobaki, si kile anachokipenda.

Na hata asiyeendelea na masomo, hesabu itamfuata. Siku atakapokopa kwenye kikundi na kuambiwa riba ni asilimia 10 kwa mwezi, ni vizuri ajue hiyo ni shilingi ngapi kwa mwaka kabla hajatia saini. Wangapi tumeona vyombo vyao vikitolewa nje kwa mkopo ambao hawakuuelewa?

Tufanye nini nyumbani

Wapo akina mama watakaosema, "Mimi niliishia darasa la saba, nitamfundishaje mtoto wa sekondari?" Hatusemi umfundishe. Tunasema umsimamie, na kusimamia hakuhitaji cheti.

Kwanza, fungua daftari. Mara moja kwa juma, tuseme Jumamosi jioni, mwambie akuletee daftari la Hisabati. Tazama mambo matatu. Je, tarehe zinafuatana, au kuna majuma mawili matupu? Je, kuna hatua zilizoandikwa, au majibu matupu? Je, pale alipokosa amefanya masahihisho, au amegeuza ukurasa? Huhitaji kujua aljebra kuyaona hayo.

Pili, mwambie akufundishe wewe. Chagua hesabu moja na umwambie, "Nieleze hii kwa Kiswahili, kama unavyomweleza mdogo wako." Akiweza kuieleza, ameielewa. Akianza kusema "tunafanya hivi kwa sababu mwalimu alifanya hivi", umeshajua kwamba amekariri. Mwambie kesho akamuulize mwalimu au mwenzake sababu ya hatua hiyo, na jioni akuletee jibu.

Tatu, awe na kijidaftari cha maneno. Upande mmoja aandike neno la Kiingereza la Hisabati, upande wa pili Kiswahili chake alichokijua shule ya msingi, na mfano mmoja. Maneno matatu kwa siku yanatosha. Kwa muhula mmoja atakuwa na maneno zaidi ya mia moja, na mafumbo yatapungua ukali.

Nne, mpe muda, hasa binti. Tuseme ukweli hapa. Katika nyumba nyingi kijana wa kiume akirudi shuleni hula, hupumzika na kufungua daftari. Dada yake akirudi anachota maji, anaosha vyombo, anapika, anaogesha wadogo, na anapokaa kusoma ni saa tatu usiku na macho yamejaa usingizi. Halafu matokeo yakitoka tunasema wasichana hawawezi Hisabati. Hisabati ni somo la mazoezi ya kila siku. Nusu saa kila siku inazidi saa nne za Jumapili. Gawanyeni kazi, na kaka naye aoshe vyombo. Hatapungukiwa kitu.

Tano, simu isifanye hesabu badala yake. Kama kwenye mtihani hataruhusiwa kikokotozi, asikizoee nyumbani. Anunuliwe mkebe wa hesabu na kitabu cha majedwali mapema, avizoee. Mtoto anayekiona kitabu cha majedwali mara ya kwanza wakati wa mtihani wa majaribio hupoteza dakika nyingi kutafuta ukurasa.

Sita, nenda shuleni kabla hujaitwa. Usiende kumshitaki mwalimu. Nenda umuulize maswali mawili: "Mwanangu amepotelea kwenye mada zipi?" na "Arudie nini kwanza?" Mwalimu akiulizwa hivyo hufurahi, maana anaona ana mwenzake. Kama shule haina mwalimu wa Hisabati wa kutosha, jambo hilo lizungumzwe kwenye kikao cha wazazi na bodi ya shule, tena lizungumzwe na akina mama, tusingoje baba zao tu.

Saba, uwe mwangalifu na twisheni. Kabla ya kutoa fedha, uliza inafundisha nini. Kama ni kurukia mitihani iliyopita ya kidato cha nne wakati mtoto hajui sehemu, fedha imepotea. Uliza pia inafanyika wapi, saa ngapi, na kuna watoto wangapi. Binti asirudi peke yake gizani, wala asifundishwe peke yake chumbani kwa mtu. Kikundi cha watoto wanne wa jirani wanaokutana sebuleni mwako saa kumi jioni, mmoja wao akiwa anayeiweza kidogo, mara nyingi kinafaa kuliko twisheni ya gharama.

Kuhusu fimbo

Neno moja la mwisho, nalo ni zito. Wapo watoto wanaoichukia Hisabati kwa sababu kila jibu la kosa lililipwa kwa kiboko. Kanuni za serikali za mwaka 2002 zinataja viboko kwa makosa makubwa ya nidhamu, na visizidi vinne. Kukosa hesabu si utovu wa nidhamu. Mtoto anayeogopa kukosea hanyoshi mkono kuuliza, na mtoto asiyeuliza hajifunzi. Ukisikia kwamba mwanao anachapwa kwa kukosa jibu, nenda kwa mkuu wa shule ukaongee naye kwa heshima na bila woga.

Na nyumbani tuchunge ndimi zetu. "Kichwa chako kigumu kama baba yako." "Mimi pia sikuiweza, ni ya ukoo." "Msichana wewe, hesabu za nini?" Maneno hayo hayaachi alama mwilini, lakini mtoto huyabeba mpaka chumba cha mtihani. Badala yake tuseme, "Nionyeshe ulipofika. Tuanzie hapo."

Kwa yule ambaye matokeo yake yamekwisha kutoka na F imekwisha andikwa, mlango haujafungwa. Anaweza kurudia somo kama mtahiniwa wa kujitegemea. Wapo waliofanya hivyo wakafaulu, kwa sababu safari hii walianza na ufa wa ukuta, si na bati.

Basi, akina mama, Jumamosi hii kabla ya kulala tufungue daftari moja. Tutazame tarehe, hatua na masahihisho. Tukikuta majuma matupu tusipige kelele. Tuulize tu, "Hapa ilikuwaje?" halafu tusikilize.